Taya Langu Hushika Sabato

Mume wangu ndiye aliyeanza kusema kwamba nina minyoo. Kwetu, mtu akisaga meno usingizini hapelekwi popote. Ananunuliwa dawa ya minyoo, basi. Nilimeza, na kwa kuwa sipendi kuaibika peke yangu, nikamlazimisha naye ameze. Kama minyoo ilikuwepo ilikwenda zake. Meno yaliendelea kusagika.

"Mama watoto," akaniambia asubuhi moja, "mimi nasaga mawe Masara mchana, wewe unasaga meno hapa usiku. Kweli hii nyumba itakosa dhahabu?"

Alikuwa akishuka mashimo ya dhahabu huko Masara kila siku isipokuwa Sabato, akitoka alfajiri na kurudi jioni mwekundu kwa vumbi, kuanzia kope hadi kucha. Nilicheka kwa upande mmoja tu wa mdomo, maana ule mwingine ulikuwa unauma. Nauza mitumba sokoni Migori, kazi ambayo ni mdomo mtupu, na taya lilikuwa limekaza hadi kupiga miayo kukawa adhabu.

Kwa ubishi wangu sikwenda kwa daktari. Nilikwenda duka la vifaa vya michezo nikanunua ile raba laini ambayo mabondia huweka mdomoni, nikalala nayo. Lo! Niliamka taya limechoka kama la mtu aliyeshinda akitafuna miwa ya Awendo, na raba yenyewe ilikuwa imechanika katikati. Hapo nikasalimu amri.

Daktari wa meno niliyeelekezwa alikuwa Homa Bay, dada mpole mwenye mikono baridi, mdogo kwangu kwa umri. Aliweka vidole mashavuni mwangu akaniambia niume kwa nguvu.

"Unasikia hiyo misuli? Inafanya kazi usiku mzima na hakuna mtu ameituma."

Nilipomweleza habari ya raba alicheka hadi akashika meza. Alisema kitu laini huwafanya wengine watafune zaidi, kana kwamba misuli imeletewa chakula. Akachukua alama za meno yangu, na baadaye akanipa gadi ngumu ya plastiki ya kuvalia meno ya juu, ili yale ya chini yapate pa kutua sawasawa na misuli ipate sababu ya kulegea.

"Lakini mama, hii haiponyi kusaga," alinionya. "Italinda meno, na labda misuli itapunguza nguvu. Sasa ile kitu inakufanya usage, hiyo mimi sina plastiki yake."

Akanipa na kazi ya nyumbani: kila asubuhi niandike kwenye kalenda kama taya linauma au haliumi.

Nilivaa gadi yangu. Mume wangu alidai kwamba nikimuaga kwaheri nayo naongea kama mtu aliyejaza uji mdomoni. Maumivu yalipungua, ila hayakuisha. Kalenda niliijaza kwa uaminifu wote, bila kuisoma hata mara moja.

Niliporudi Homa Bay, daktari aliitandaza mezani akapitisha kidole kwenye safu moja, kutoka juu hadi chini.

"Mama, Jumamosi huumwi. Hata moja. Jumamosi huwa kuna nini?"

"Ni Sabato," nikamjibu. "Hata taya langu linaishika."

Hakucheka. "Na usiku wa kuamkia hiyo Sabato, kwa nyumba nini hubadilika?"

Nilifungua mdomo nimwambie hakuna. Ijumaa jioni tunakula, tunaimba, tunalala kama watu wengine. Mume wangu haweki saa ya kumwamsha. Haendi shimoni. Niliufunga mdomo, machozi yakanitoka palepale kwenye kile kiti, na daktari akanipa karatasi ya kupangusia mate.

Miaka minne nilikuwa nikimsindikiza mume wangu mlangoni kwa utani. Nilijivunia kwamba mimi si wa kulialia. Kumbe niliogopa, niliogopa kila siku ya Mungu kwamba ule udongo utamfunika na mimi nitaitwa nikamtambue. Sikuwahi kulitamka jambo hilo, maana niliona kulitamka ni kuliita.

Jioni hiyo nilimwambia akiwa anakula.

"Si minyoo. Ni hilo shimo lako. Naogopa utakufa huko."

Tonge likabaki mkononi mwake. 

"Yawa, kumbe unaogopa?" akasema. "Kila asubuhi unanicheka pale kwa mlango. Mimi nikasema, kama bibi yangu haogopi, nitaacha kwenda nimwambie nini? Hiyo shimo inanitetemesha tangu siku ya kwanza."