Tikiti ya Bunduki

"Hata risasi ikipanda mutumbwi yangu, italipa tikiti!"

Sefu alitamka hivyo sokoni, mchana kweupe, mwaka wa tatu wa uasi, wakati wanaume wengine wa Kisangani walikuwa wakizungumza kwa nyusi tu.

Kila Jumapili alivusha watu kwenda kisiwa cha Mbiye, wakale samaki na kusahau milio ya bunduki. Tikiti alizikata kutoka noti za zamani za milioni tano, ambazo tangu serikali izifute hazinunui hata chumvi. Kila moja aliigonga muhuri: kidole gumba kilichochovywa mafuta ya mawese. "Sasa iko na bei," alisema.

Jumapili ile mama Kadidja, fundi cherehani, alikuwa amelipia tikiti kumi, yake na za wanawake tisa wa chama chake. Walikuwa wamekaa tayari, vitenge vya sare, masufuria magotini. Zilibaki nafasi mbili. Akatokea kamanda mmoja wa waasi na bunduki yake.

"Wamama, mushuke. Mutumbwi nimekamata."

Hakuna aliyeinuka. Sefu alijua hesabu yake: bunduki ikipanda bure leo, kesho mtumbwi si wake. Baiskeli ya jirani yake Évariste ilichukuliwa na askari hivyo hivyo, ikianzia "lifti kidogo tu".

"Papa commandant, nafasi ziko. Tikiti iko wapi?"

Kamanda akachomoa mfukoni noti ya milioni tano. Nani mjini hakuwa na gunia lake la noti hizo?

Sefu aliinusa. "Hii haina mawese. Hii ni karatasi."

"Unajua naweza kukupiga risasi?"

"Najua. Alors, nani atapiga kasia? Maporomoko iko pale chini, haisomi cheo." Akalilaza kasia miguuni pa kamanda. "Chukua. Mto ndiyo ule."

"Tonton Sefu," mama Kadidja akaita, "jua inapanda! Huyu mutoto analipa ao halipi?"

Kamanda aliutazama mto, akalitazama kasia. Hakuligusa. Akatoa faranga mia, akapanda, akailaza bunduki ubaoni kando yake.

Sefu hakuusukuma mtumbwi.

"Nini tena?"

"Imekalia nafasi ya mutu."

Wanawake kumi wakainua tikiti zao juu, alama kumi za kidole cha mawese. Kamanda akaingiza mkono mfukoni tena.

Tangu siku ile bei ya Sefu ni hii: Mbiye, kwenda na kurudi: mtu, faranga mia. Bunduki, faranga mia.