Muuza Maziwa Hakuua

Baba yake Caritas alikuwa na riwaya moja ya Kifaransa ya mauaji, kuukuu kiasi kwamba jalada lake lilipotea hata kabla Caritas hajazaliwa. Kule Ruyigi aliwasomea wanawe sura moja baada ya nyingine, na alipokaribia mwisho alifunga kitabu akauliza, "Nani kaua?" Mtoto akitaja jina, baba humkazia macho. "Ushahidi uko wapi?" Asiye na ushahidi alitumwa kuchota maji akafikirie upya.

Caritas aliikimbia Burundi bila kitabu hicho, ila hadithi yake alifika nayo nzima kichwani katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Kambini akawa mwalimu wa darasa la nne, mjane mwenye binti mmoja, Annick, na siku za Jumamosi aliongoza maigizo kanisani. Mwaka ule alichoshwa na michezo ileile ya Krismasi. Akasema, safari hii tutacheza mauaji.

Katika kitabu, wasafiri wanakwama hotelini kwa sababu ya theluji. Asubuhi tajiri mmoja anakutwa amekufa kwa sumu kando ya kikombe chake. Wote wanamnyooshea kidole mtumishi wa jikoni, yule fukara, mpaka mwishoni inapogundulika kwamba muuaji ni daktari, yule yule aliyemfumba marehemu macho na kulia kuliko wote.

Sasa Kakuma theluji utaitoa wapi? Caritas aliiweka hadithi kwenye barabara ya Lodwar. Mvua imenyesha huko juu, laga mbili zimejaa, na mito hiyo ambayo jana ilikuwa mchanga mtupu leo inabeba miti na mbuzi. Wasafiri wamenaswa katikati, kwenye kihoteli cha mabati. Tajiri akawa mfanyabiashara wa mifugo, na daktari akabaki daktari. Mtumishi wa jikoni alimgeuza mwanamke wa Kiturkana anayeleta maziwa hotelini kila asubuhi. Wote wanamshuku kwa vile ni mgeni kwao, ingawa ukweli ni kwamba wageni ni wao.

Kazi ya kuandika hakuifanya peke yake. Dieudonné, Mkongo aliyefika kambini juma moja naye, ndiye aliyekuwa akimsikiliza na kumkosoa. Huyu alikuwa mtu wa kamera. Alipiga picha za harusi na ubatizo, na Jumapili alikula kwa Caritas kama ndugu wa tumbo moja. Annick alimwita mjomba. Katika mchezo alichukua nafasi ya daktari, na alilia juu ya maiti kwa ustadi mpaka akina mama wa kwaya wakatoa leso.

Muuza maziwa alichezwa na Akai. Yeye hakuwa mkimbizi. Ni mwenyeji, mama yake anakaa kwenye manyatta, kijiji cha Waturkana nyuma ya mji wa Kakuma, na maishani hakuuza maziwa bali makaa, akiyapitisha nyumba kwa nyumba kambini, gunia kichwani. Caritas alikuwa mteja wake, kisha rafiki. Akai hakuwa amesoma, lakini alipoambiwa maneno mara mbili aliyashika, na aliposimama jukwaani watu walinyamaza.

Kabla ya onyesho la kwanza wachezaji waliketi wakakubaliana jambo moja. Nyachuol, Msudani Kusini aliyecheza muuguzi, ndiye aliyelianzisha.

"Hapa tuko makabila mengi," alisema. "Muuaji akiwa wa kabila fulani, kesho tunapigana kisimani."

Basi wakaafikiana kwamba daktari hatatajwa ametoka wapi. Kosa ni la mtu, si la watu wake. Wote waliitikia, na Dieudonné aliitikia kwa sauti kuliko wengine.

Mchezo ulipendwa. Walicheza kambini, wakacheza Kalobeyei, wakaitwa mpaka Lodwar. Kila mahali, Akai alipomnyooshea daktari kidole na kusema, "Mimi nilileta maziwa. Wewe ulileta nini?" uwanja ulilipuka.

Ndipo shirika moja la mambo ya afya likasema lingependa kuufanya mchezo ule filamu. Dieudonné akapewa uongozi, kwa kuwa ndiye aliyejua kamera. Caritas alifurahi kwa niaba yake. Alikaa naye siku nyingi akimsaidia kuyapunguza maneno, maana Dieudonné alimwambia kwamba katika sinema jicho ndilo linalosema.

Walipoanza kupiga picha, Dieudonné alitaka kila mshukiwa apigwe akiwa peke yake na kikombe cha marehemu. Dereva akakiinua. Mchungaji akakinusa. Nyachuol akakifuta kwa kitambaa. Zamu ya Akai ilipofika, aliambiwa amimine maziwa kikombeni, asite, ageuke kutazama mlangoni, kisha atabasamu kidogo.

Akai aliweka kibuyu chini. "Mama Annick, hii maneno mimi naogopa. Kwa mchezo hatukufanya hivi. Kwa nini nacheka?"

Caritas alimshika mkono wakasogea pembeni. "Ni mtego wa kumpoteza mtazamaji tu, dada yangu. Wote wamepigwa hivyo. Mtu akitazama ashuku huyu, ashuku na yule, halafu mwisho ajue ni daktari."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyeandika. Mwisho naujua. Nakupa neno langu."

Akai akarudi, akamimina maziwa, akasita, akageuka, akatabasamu. Dieudonné alisema, "Safi sana, dada," akaomba arudie.

Baada ya hapo Dieudonné akajifungia na kompyuta yake miezi kadhaa. Jumapili alikuja kula kama kawaida. Caritas akimuuliza filamu imefikia wapi, anasema inapikwa, usifunue sufuria. Walicheka. Annick alimwongezea mchuzi.

Uzinduzi ulifanyika Lodwar, mchana, katika ukumbi uliofungwa madirisha kwa mablanketi ili giza liingie. Joto lilikuwa la kuokea mkate. Wachezaji walikaa mstari wa pili. Akai alikuwa amemleta mama yake, amevaa shanga zake zote shingoni, na ndugu kadhaa waliotoka Lokiriama kuuza mifugo. Caritas aliketi kati ya Akai na Nyachuol.

Mwanzoni alijisikia kulia kwa furaha. Laga zilifurika kwenye pazia kubwa, kihoteli chake cha mabati kikawa kitu cha kweli. Dereva alikiinua kikombe, mchungaji akakinusa. Akai akatokea, na mama yake akapiga kigelegele kifupi. Kisha ikafika zamu ya kile kipande ambacho Caritas alikisubiri, daktari akisimamishwa mbele ya wote. Hakikuja. Badala yake daktari ndiye aliyesimama, peke yake mbele ya kamera, akaeleza kwa upole namna alivyoutambua ukweli. Kamera ikarudi kwa Akai, polepole. Akamimina, akasita, akageuka kutazama mlangoni. Akatabasamu. Mara hii aliyetazama alijua anatabasamu nini.

Ukumbi ukaguna. Kutoka nyuma sauti ya kijana ikasema, "Kumbe ni huyu mama wa maziwa!" na watu wakacheka.

Caritas akataka kuugusa mkono wa Akai. Akai aliuondoa. Hakumtazama hata kidogo. Aliinama akamwambia mama yake jambo kwa Kiturkana, wakainuka wote, ndugu wa Lokiriama nyuma yao, wakatoka kwenye jua huku watu wakigeuza vichwa kuwaangalia.

Caritas alimkuta Dieudonné uani, akipigwa picha na wageni. Alingoja wamalize.

"Umefanya nini?"

"Dada Caritas, tulia."

"Nimekuuliza, umefanya nini?"

Dieudonné alimvuta hadi kwenye kivuli cha ukuta. "Wenye filamu ni watu wa afya. Walipoona ile ya kwanza, wakasema daktari hawezi kuwa muuaji. Wagonjwa wataogopa kwenda hospitali. Wakasema nitafute mwingine au filamu ife. Sasa ningemtoa wapi? Dereva ni Msudani, kambi ingewaka. Mchungaji, makanisa yote yangenirukia. Nikabaki na..."

"Ukabaki na Akai."

"Nikabaki na picha niliyokuwa nayo. Ile ya tabasamu ilikuwa nzuri mno."

"Kwa hiyo ulimchagua asiye na mtu wa kumsemea."

"Mi sikusema hivyo."

"Ulijua lini?"

Dieudonné alitazama viatu vyake.

"Ulijua lini, Dieudonné?"

"Zamani kidogo."

Zamani kidogo. Caritas alizihesabu zile Jumapili moyoni bila kutaka: vicheko, sufuria isiyofunuliwa, mtoto akimwongezea mchuzi mjomba wake. Kuondolewa mwisho wake kungemuuma, lakini angevumilia. Kilichomchoma ni kwamba tabasamu lile lisingepatikana bila neno la mtu anayeaminika, na aliyelitoa neno hilo alikuwa yeye. Alitumiwa kama chambo na mtu aliyekula sahani moja naye.

"Ungeniambia," alisema. "Ungeniambia tu, ningekataa, filamu ingekufa, na sisi tungebaki."

"Ndiyo maana sikukwambia," akajibu Dieudonné, na safari hii alimtazama usoni.

Filamu haikukaa Lodwar. Vipande vyake viliingia kwenye simu, na kipande kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa tabasamu la Akai. Kambini vijana walipomwona na gunia lake walimpigia kelele, "Mama sumu!" Wengine walitania tu. Wengine hawakutania; nyumba kadhaa zilizokuwa zikinunua makaa kwake ziliacha kufungua mlango. Upande wa wenyeji mambo yalikuwa mazito zaidi. Walisema wakimbizi wamekaa kwenye ardhi yetu, wakamchukua binti yetu, wakamtangaza kuwa muuaji.

Caritas alikwenda kwenye ofisi ya lile shirika. Alipokelewa vizuri kwa Kiingereza, akapewa soda, akaambiwa filamu imekwisha kukamilika. Akaenda shuleni akafundisha. Siku mbili tatu alizunguka na jambo hilo kama mtu mwenye mwiba kwenye unyayo, kisha akavuka kwenda manyatta kwa kina Akai.

Mama mtu alikuwa ameketi mlangoni. Caritas alisalimia, "Ejok." Bibi aliitikia kwa sauti ya chini, akaingia ndani. Akai akatoka, hakumkaribisha kuketi.

"Nimekuja kukuomba radhi," Caritas alisema. "Sikujua. Nakuapia, nilidanganywa."

"Najua umedanganywa. Nyachuol aliniambia."

"Basi..."

"Wewe ulidanganywa na Dieudonné," Akai alisema. "Dieudonné mimi siamini, ningekataa. Mimi nilidanganywa na wewe."

Caritas alisimama pale, upepo ukimpiga vumbi machoni, na hakuyafuta macho, maana asingeweza kueleza yanatoka machozi kwa sababu ipi. Mwishowe alisema kile alichokuja nacho. Anataka kuucheza tena ule mchezo, wenyewe, na mwisho wake. Si kambini, mjini, mbele ya maduka, upande wa wenyeji, mchana, kila mtu aone. Hamwombi Akai arudi kuwa rafiki. Anamwomba aje aseme maneno yake.

"Na daktari ni nani?"

"Mimi," Caritas alisema. "Nitacheza mimi."

"Nitasema kwa Kiturkana," Akai alisema, akaingia ndani.

Walicheza siku ya soko. Hapakuwa na jukwaa, ila turubai lililotandikwa chini na kihoteli cha mabati manne. Watu walijaa, wengi wao wakiwa wamekuja kumwona mama sumu, na kelele zilianza mapema. Caritas alivaa koti jeupe la kuazima. Alipofika pa kulia juu ya maiti, hakulazimika kuigiza.

Kisha Akai akasogea mbele. Hakumnyooshea kidole kama zamani. Alimkaribia mpaka pumzi zao zikakutana, akasema maneno yale kwa lugha ya mama yake, polepole, na akaongeza mengine ambayo hayakuwa kwenye mchezo. Caritas hakuyaelewa yote. Alielewa neno la maziwa, na neno la rafiki. Wazee waliokaa mbele juu ya viti vyao vidogo vya mbao wakatikisa vichwa kukubali. Wanawake wakaguna, kisha mmoja akapiga kigelegele, wakafuata wengine, na walimpigia Akai mwenyewe, si mchezo. Mama yake alinyanyuka akaimba kidogo.

Mchezo ulipokwisha Akai alivishwa shanga na shangazi zake, wakaondoka naye. Hakurudi kuagana.

Dieudonné yuko Nairobi sasa, anatengeneza filamu nyingine. Alipiga simu mara kadhaa; mara moja alizungumza na Annick, na Caritas hakumzuia mtoto. Yeye mwenyewe hajapokea.

Makaa ya Akai yananunuliwa tena. Hupita kwenye mtaa wa Caritas asubuhi, gunia kichwani, mgongo umenyooka. "Ejok, mwalimu," husema. Zamani alikuwa akimwita Mama Annick. Caritas huitikia, na Akai hupita kwenda kulitua gunia lake kwa jirani.