Marcelo Alimwona Mayu Nyanjige Akianguka

Marcelo alikuwa fundi redio mjini Bariadi kabla hajawa fundi wa kamera za ulinzi. Kamera alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu vifaa vyake, na watu walimwamini kwa sababu hakuwa na maneno mengi.

Mwaka jana Josia, anayefanya kazi Arusha, alimpigia simu aende nyumbani kwa mama yake, njia ya kwenda Nkololo. Wote humwita Mayu Nyanjige, yaani Mama Nyanjige kwa Kisukuma. Nyumba hiyo marehemu baba yake aliijenga kwa fedha za pamba, miaka ile wanunuzi binafsi walipoingia na kugombania mzigo na ushirika. Kamera zilikwisha kufungwa, lakini rekoda inayotunza picha ilikuwa chumbani na ruta ya intaneti sebuleni, na Josia hakutaka kuta za baba yake zitobolewe tena kupitisha waya. Marcelo akachomeka antena ndogo nyuma ya rekoda, akaandika nywila ya waifai, akangoja. Mara ya tatu ikakubali. Ili kuhakikisha, akaiunganisha kwanza na simu yake. Uani ukaonekana wote: kuku, kamba ya nguo, Mayu akipepeta mtama. Kisha akamwelekeza Josia naye aunganishe simu yake huko Arusha.

Simu yake mwenyewe Marcelo hakuiondoa kwenye kamera. Mwanzoni alisahau kweli. Baadaye, akikaa dukani bila mteja, alifungua kuangalia kama mtandao haujakatika. Ndivyo alivyojiambia. Mwezi wa pili alishajua kuwa Mayu huongea na kuku wake, na kwamba huvua kandambili kabla ya kusali.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, alimwona akipita na ndoo karibu na ghala, akateleza, akaanguka. Hakuinuka. Marcelo akashika ufunguo wa pikipiki. Ni mwendo wa dakika saba tu. Lakini nikifika, akawaza, nitasema nimejuaje? Akafikiria kumpigia Josia. Huyo naye angeuliza swali hilohilo. Akakaa. Mayu alijikokota kwa viwiko mpaka akaufikia mlango. Saa ilikuwa ikionekana pembeni mwa picha: dakika ishirini na mbili. Marcelo alizitazama zote.

Jumamosi akaenda, kwa kisingizio cha kukagua antena. Mayu alikuwa amekaa barazani, mguu umefungwa kitambaa.

"Mwangaluka, Mayu. Pole na mguu. Pale ghalani panateleza."

Mayu akamtazama. "Nani kakwambia ni ghalani? Hata Josia, ambaye akiwa kazini haangalii kamera, nimemwambia nilijikwaa mlangoni, asije akanihamishia Arusha."

Marcelo angeweza kumtaja jirani.

"Nilikuona," akasema. "Kwenye simu yangu. Nilikuona mpaka ulipofika mlangoni."

"Mpaka nilipofika mlangoni?"

"Ndiyo, Mayu."

"Nilikuwa naita watu," Mayu akasema taratibu. "Niliita hadi koo likaniuma."

Kamera zile hazichukui sauti. Marcelo aliuona mdomo wake ukicheza, akadhani anasali. Hilo hakuweza kulisema. Alipiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima mwenye watoto watatu, wala hakujua aombe msamaha wa kuchungulia au wa kutokwenda.

"Inuka," Mayu alisema. "Mpigie mwanangu umwambie wewe mwenyewe. Mimi sina nguvu ya kukusemea."

Akapiga hapohapo. Josia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno machache: "Toa vitu vyako uondoke." Wiki hiyo akaja fundi kutoka Maswa, akabadili nywila zote.

Mayu alipona, ingawa mguu ule huukanyagia pembeni. Habari hakuisambaza, na hilo lilimwumiza Marcelo kuliko kama angemtangaza sokoni. Bado anafunga kamera. Siku hizi hajaribishi kwa simu yake. Humpa mwenye nyumba aandike nywila, naye husubiri nje. Wakimuuliza kwa nini, hujibu kwamba ndio utaratibu wa kazi.