Kupe wa Machibya

Wapo wanawake wanaogombana na waume zao kwa ajili ya pombe au hawara. Mimi niligombana na wangu kwa ajili ya kupe.

Machibya alikuwa mchongaji wa vigoda na sanamu za ngoma hapa Mwamapalala. Mwaka ule tulipohamishiwa kijijini, Katibu wetu, Novatus, hakuwa na hotuba nyingine ila ya makupe na wanyonyaji. Akamwagiza mume wangu achonge kupe mkubwa, wacheza ngoma wambebe Sabasaba mbele ya mgeni rasmi. Machibya akalipua kazi. Wachezaji walipomwona kupe wao wakauliza kama hilo ni haragwe lililoota miguu. Alirudi nyumbani amenuna, hata ugali hakuugusa.

Nilikuwa na mtamba mmoja niliyepewa na baba yangu. Ndiye pekee tuliyebaki naye, na tumaini langu lote la maziwa lilikuwa kwake. Machibya akakataza asipelekwe joshoni kuogeshwa dawa. Alitaka kupe wamjae masikioni, apate kuwatazama. Mtamba akilala kucheua, naye alijilaza pembeni, shavu kwenye mavi, akiangalia kupe anavyozamisha kichwa na kuinua makalio, ngozi inavyotanuka na kugeuka kijivu, vijiguu vikibaki vidogo vilevile. Mmoja alimbandika mkononi mwake ili ajue anavyouma. Alisema hasikii kitu, tena kwa furaha, kisha akaja kula kwa mkono huohuo. Nilimwambia ananitia kichefuchefu. Akaniambia nimpishe, namzibia mwanga.

Kazi ya pili haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alichonga kichwa cha ng'ombe, na sikioni akachonga kupe wa ukubwa wa kapu. Alimsugua kwa jivu na mafuta ya mbarika mpaka akang'aa ule mng'ao wa kitu kilichoshiba. Nilikuwa nikipita karibu naye nageuza uso.

Mtamba akavimba matezi chini ya masikio. Akaanza kukohoa, kamasi zikamchuruzika puani.

"Baba Sayi, hii ni ndigana, ugonjwa wa kupe," nilimwambia mume wangu. "Niache nimpeleke kwa bwana mifugo."

"Ngoja kidogo. Miguu ya nyuma bado sijaielewa."

Sikungoja. Nilimfungua mwenyewe nikamkokota, lakini hatukufika hata barabarani. Alianguka, povu likamtoka, akafa nikiwa nimeshika kamba. Machibya alinifuata mbio, nikadhani anakuja kunipa pole. Alichuchumaa kwenye sikio la mzoga, akakaa hapo muda mrefu.

"Mama Sayi, njoo uone," akasema. "Wanashuka."

Kweli walikuwa wanashuka. Mwili ulikuwa umeanza kupoa, nao waliachia mmoja mmoja, wakajiburuta juu ya manyoya na matumbo yao, wakielekea majanini. Nilitapika palepale. Yeye alirudi nyumbani, akaling'oa na kulitupa lile sikio lenye kupe aliyekwisha kumsugua, akachonga jingine, na kupe mpya.

Sabasaba nilikwenda Bariadi kwa shingo upande, nikasimama kwenye kundi la wanawake. Wachezaji waliinua kichwa kile juu. Kupe hakuwa amezama tena. Alikuwa ameng'oka, anateremka shavuni. Mgeni rasmi akacheka, akauliza mbona kupe huyu hanyonyi.

"Ng'ombe ameshakufa, ndugu mgeni," Machibya alijibu. "Anatafuta mwingine."

Makofi yakalipuka uwanja mzima, Katibu Novatus akiongoza. Machibya alinyoosha shingo kunitafuta katikati ya wanawake. Mimi nilikuwa nimemkazia macho kupe yule. Niliiona miguu ya nyuma inavyoburuta lile tumbo, sawasawa kabisa na nilivyoona siku ile, mwili ukanisisimka. Nilipojitambua, nilikuwa napiga makofi. Nikaifuta mikono yangu kwenye kanga, kwa nguvu, nikatema mate chini.