Jani Moja la Bi Muzna

Bi Muzna wa mtaa wa Kiponda hakumwamini mtu. Maziwa aliyanusa mbele ya muuzaji mwenyewe, vipande vya samaki alivihesabu akitoka na akavihesabu tena akirudi, na hodi ikipigwa aliuliza "Nani?" mara tatu, hata kama sauti ni ya mwanawe aliyemzaa. Wenye ndimi zao walisema ipo siku atakipekua hata kivuli chake.

Lakini kwa kuchora hina na piko, mpe haki yake. Mabiharusi wa mjini walimngojea kwa zamu. Na kila biharusi, Bi Muzna alimwachia jani moja la ua kiganjani halijajazwa, mstari mtupu, kwa kuwa marehemu mama yake alimfundisha kwamba kazi iliyotimia huita jicho la hasidi. "Timiza vyote, uache kimoja." Siri hiyo hakumpa mtu ila bintiye, Salhiya, aliyekuwa akisoma chuo na kumsaidia kuchora siku za harusi.

Asubuhi moja ya Alhamisi alikuwa anatoa magodoro ayaanike juani. Chini ya godoro la Hamed, mwanawe wa pekee wa kiume, akakuta kijitabu kilichochorwa kwa kalamu nyeusi. Hamed alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Kendwa, na kila Alhamisi alikuja nyumbani pamoja na Bakar, mpishi mwenzake. Bi Muzna akakifungua kama kifunguliwavyo kitabu chochote cha Kiswahili. Ukurasa wa kwanza tu, vijana wawili wa kiume wamekaa darini, mmoja kamwekea mwenzake kichwa begani, na maneno yanasema: "Sikuachi tena."

Akapekua mbio mbio. Kila alivyoendelea, vijana wale walizidi kuwa mbali. Ukurasa wa mwisho walikuwa wanapishana uchochoroni kama watu wasiojuana.

"Alhamdulillahi," akasema. "Angalau wameachana."

Hata hivyo hofu haikumtoka, na hofu yake ilikuwa na sababu. Maneno ya namna hii huanzia barazani na huishia kituo cha polisi. Alimwona Hamed keshachukuliwa.

Mchana Hamed na Bakar walipofika, wakakaa kwenye sinia moja, wote wanne pamoja na Salhiya. Bi Muzna hakula, alitazama. Aliwaona wakicheka, akakitafuta kichekesho asikione. Aliwaona wamenyamaza, akaitafuta siri. Kisha Bakar akachambua miba ya samaki, minofu akaisogeza upande wa Hamed, bila hata kuangalia, kama mtu aliyezoea. Hapo Bi Muzna akanyanyuka.

Alimsubiri Bakar mlangoni, kanga kaifunga kifuani, mkono kiunoni.

"Bakar mwanangu, shikamoo zako nshazipokea za kutosha. Usije tena hapa."

Bakar aliinama akavaa viatu vyake, akachelewa sana kuvivaa. "Haya, mama."

Hamed alipotokea nyuma yake, Bi Muzna akamwonesha kijitabu. "Hichi chako?"

Hamed akatupa jicho jikoni, Salhiya alikokuwa anaosha vyombo. Kisha akasema, "Changu, mama."

Akaondoka bila kuaga. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ya pili, wala ya tatu, na simu hakupokea. Bi Muzna aliumia, ila kiburi hakikumruhusu kusema.

Alhamisi ya nne akawasha mkaa kwenye seredani akichome kile kijitabu. Alikuwa anachana ukurasa wa kwanza jicho lake lilipoangukia pembeni, kwenye maua ya pambo ambayo siku ile, kwa hofu, hakuyatazama. Maua yote yamejazwa, jani moja halikujazwa. Akafungua ukurasa mwingine, vilevile. Na mwingine.

"Salhiya!"

"Naam, mama."

"Nani kakichora hichi?"

Salhiya akaanza kulia. "Mie, mama."

"Nani?"

"Mie. Kaka alinifichia tu. Kwangu wewe hupekua kila siku."

"Na mbona kasema chake?"

"Aliogopa utanitoa chuo."

Bi Muzna akaketi kwenye mbuzi ya nazi. "Wanaume wawili, Salhiya. Kwa nini?"

"Ni katuni za Kijapani, mama. Wenyewe huziita manga. Wasichana wengi tunazisoma. Humo wawili wanapendana, na hakuna hata mmoja anayeambiwa nenda kapike."

Bi Muzna angecheka, kama si uchungu. "Angalau hawa wako wanaachana."

"Hawaachani. Umekisoma kinyume. Hufunguliwa kuliani, kama juzuu."

Na yeye mtu aliyesoma Kurani, kuanzia kuliani, tangu ana miaka sita! Akakigeuza, akaanza upya. Vijana wawili wanapishana uchochoroni, hawajuani. Wanasalimiana. Mmoja anamchambulia mwenzake miba. Katikati kuna mama amesimama mlangoni, kanga kifuani, mkono kiunoni, na kijana mmoja ameinama anavaa viatu. Salhiya alikuwa keshamchora mama yake kabla hajayafanya hayo. Aibu ilimshika Bi Muzna mpaka masikioni. Baada ya mama yule, kurasa nne za kilio, na mwisho kule darini: sikuachi tena.

Kijana mwenye kichwa begani alikuwa na kovu juu ya nyusi. Hamed alikuwa nalo hilo kovu, tangu alipoanguka ngazini akiwa mdogo.

"Huyu nani?"

"Mtu wa kitabuni tu, mama," Salhiya akajibu, akatazama chini.

Bi Muzna akafungua mdomo kuuliza mara ya pili, akaufunga. Akachukua simu ya bintiye, akapiga Kendwa. Safari hii ikapokelewa.

"Hamed. Alhamisi ijayo njoo. Njoo na Bakar, nnapika samaki."

"Mama, huna unachotaka kuniuliza?"

Bi Muzna akalitazama lile jani tupu.

"Nlikuwa nacho," akasema. "Nimekiacha."

Akamsikia mwanawe analia upande wa pili, na hakumuuliza analilia nini.