Mfuko wa Udongo Nilioupeleka Kwaluguru

Niliondoka Korogwe nikiwa nimepakata udongo. Mnaonifahamu mtasema si ajabu, maana babu yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na sisi wajukuu tumeshabeba kila kitu. Lakini udongo huu, uliojaa mfuko mmoja wa sukari, ulikuwa na mayai ya samaki ndani yake.

Kijisamaki chenyewe ni cha madimbwi ya mvua. Dimbwi likijaa kinaanguliwa, kinakua mbiombio, kinataga kwenye matope. Dimbwi likikauka kinakufa, na mayai yanabaki ardhini kungojea mvua nyingine. Dume ni mwekundu mwenye madoa ya buluu, na watu wa mbali humfuga sebuleni kwenye tangi la kioo. Jike ana rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Dimbwi pekee tulilojua wanaishi, huko Kwaluguru, lilichimbwa na wafyatua matofali. Tukabaki na wale tuliokuwa tunawazalisha kwenye matangi ya kituo chetu kidogo cha utafiti, nao wakatufia wote. Yalibaki mayai ya mfuko ule, basi. Tuliposikia dimbwi limejaa tena na wachimbaji wameondoka, nikatumwa nikayarudishe kwao.

Saa mbili asubuhi, stendi ya Korogwe. Kondakta alitaka mfuko ukae kwenye buti pamoja na kuku. Nikakataa, nikaupakata. Dada mmoja mjamzito aliyekaa kando yangu akaunusa mara mbili.

"Kaka, huo udongo ni wa kutafuna? Nionjeshe kidogo tu."

Nikahamia kiti cha nyuma.

Saa tano, Handeni mjini. Nilikunywa chai ya haraka, nikatafuta bodaboda. Kijana akauliza nimebeba nini, nikamwambia samaki. Akaupapasa mfuko, akanitazama kwa huruma. "Mzee, hawa wamekauka kupita kiasi."

Saa nane mchana, Kwaluguru. Mwenyeji wangu alikuwa Bibi Mwajabu, mkulima wa mahindi, ambaye dimbwi liko pembeni ya shamba lake. Ni Mzigua, na Wazigua na sisi Wanyamwezi ni watani wa tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana, kukuibia kofia, hata kuchekesha watu kwenye msiba wako, na hupaswi kununa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umekuja kufanya nini huku kwenye nchi za watu?"

Nikamweleza habari ya mayai. Akausogelea mfuko, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Utamwaga yote?"

"Yote."

"Hata mbegu ya mahindi mtu hapandi yote, Mnyamwezi wewe. Halafu pale asubuhi kuna mabata ya jirani."

"Bibi," nikamjibu, na leo naona haya kuliandika, "mimi ni mtaalamu."

Akanitengea maji ya kuoga, nikaenda kuoga, mfuko nikauacha kwenye benchi.

Alfajiri, dimbwini. Nilivua viatu, nikaingia mpaka magotini, nikaumwaga udongo polepole. Nilifurahi kama mtu aliyerudisha mtoto kwao. Nilikuwa bado natabasamu mabata yalipotokea, kumi na manne, mikia juu na midomo kwenye matope. Niliyarushia viatu vyote viwili. Yakahama hatua tatu, yakaendelea kuchuja matope palepale nilipomwaga.

Nilikaa chini kwenye majani na machozi yakanitoka. Sioni sababu ya kuficha. Miaka mitano ya kazi ilikuwa inamezwa mbele yangu, na duniani hapakuwa na pengine pa kuwatafuta.

Bibi Mwajabu akaja na khanga kiunoni, mikono kichwani, analia kwa sauti ya kusikika kijiji kizima: "Jamani njooni! Wanyamwezi wamefiwa! Marehemu hakuacha hata mkia!"

Majirani wakatoka, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilikasirika hasira ya kweli, utani au si utani. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie neno baya, alipotoa ndani ya khanga mfuko mwingine wa sukari.

"Wako huu. Ulichomwaga ni udongo wa uani kwangu, nilibadilisha ulipokuwa unaoga. Nilikuambia mabata, ukaniambia utaalamu."

Nikanyoosha mikono miwili. Akaurudisha nyuma ya mgongo.

"Mali iliyoshikwa na mtani hairudi bure. Piga magoti uombe."

Mbele ya majirani na mabata? Nikakataa. Basi akachota nusu ya udongo kwenye bakuli, akanipa nusu iliyobaki. Nilibembeleza mpaka chai ikapoa, bila mafanikio.

Saa sita mchana, safari ya kurudi. Nilipanda bodaboda nikiwa na nusu mfuko, dumu la maji ya dimbwi na viatu vilivyolowa. Njia nzima nilimlaani yule mama kimoyomoyo.

Wiki sita baadaye, Korogwe. Niliyaloweka mayai yangu kwa maji yale, yakaanguliwa, nikawalea kwa kipimo na ratiba. Wakabaki tisa, na rangi zilipojitokeza nikaona wote tisa ni kama maji ya kuoshea vyombo. Majike matupu. Bila dume kizazi kingeishia hapo. Nikampigia simu Bibi Mwajabu.

"Wangu wako kwenye shimo nyuma ya jiko," alisema, "nimewazungushia miiba, nasi hatuna ratiba. Wekundu wako kumi na mmoja. Unataka wangapi?"

"Wawili tu, mtani wangu."

"Unajua cha kufanya."

Safari hii ilinifundisha kwamba miaka mitano niliyokaa na samaki hawa haikunifundisha kwao kunavyoamka asubuhi. Nilifunga mlango wa maabara, nikaweka simu sikioni, nikapiga magoti sakafuni mbele ya majike tisa.

"Umepiga?"

"Nimepiga, bibi."

"Mabata ya jirani yanataka kusikia. Sema kwa sauti."

Nikasema kwa sauti.