Mkasi wa Muuza Mbegu

Muuza mbegu za kukaanga wa karibu na hamamu hamfungii mteja kitu kabla hajaligeuza gazeti pande zote mbili, akitafuta uso wa Rais. Akiuona huukata kwa mkasi taratibu, asiguse hata sikio, kisha huulaza ndani ya kopo la biskuti. Watu husema Rais huona kupitia kila picha yake, na muuza samaki wa jirani, aliyefungia dagaa kwenye uso ule, hajarudi tangu Ramadhani. Basi vidole vya mzee vyenye chumvi havitulii, na macho hayabanduki mlangoni. Widad, fundi cherehani wa duka la pili, alikuwa amemwona hivyo miaka kumi na miwili. Asubuhi redio ilipotangaza kwamba Rais ametoroka nchi, alimjia mbio, kandambili mkononi, ametoka kuichapa sanamu ya Rais.

“Ami, mtu kakimbia! Nipe mbegu za maboga, na leo nifungie humohumo usoni!”

Mzee akacheka kidogo, akalikunja gazeti, akamimina. Akatupia jicho mlangoni. Akazirudisha zote guniani, akachukua mkasi.

“Ami! Si nimekwambia hayupo?”

“Nimesikia, binti yangu. Alipokuwepo alikuwa na nchi ya kuendesha. Sasa hana kazi, atatutazama kutwa.”

Widad alipokea mbegu zake, akaondoka akicheka hadi machozi. Alipofika mlangoni kwake alijikuta amezimimina zote kwenye mtandio, ameikunjua ile karatasi, anaikagua upande wa pili.